Wanawake na baiskeli Dar: maswali tunayoulizwa kila Jumapili

Sisi ni kikundi kidogo tu cha wanawake, Jumapili asubuhi tunakutana kwenye uwanja wa shule ya msingi tunafundishana baiskeli. Sasa maswali kila wiki ni yale yale, uwanjani, kwenye grupu la WhatsApp, hadi harusini mtu anakuvuta pembeni anakuuliza huku umeshika sahani. Tumeona tuyaandike yote sehemu moja. Anzia popote, kama jibu liko swali jingine tutakuelekeza uende huko.

## Ya mwanzo kabisa

1. Kwani wanawake wa Dar hawapendi baiskeli, au shida nini?

Wanapenda. Nenda Zanzibar utakuta mabinti na mama zao wako na baibui wanaendesha baiskeli kwenda shule, kwenda kazini, na hakuna anayegeuza shingo kuwashangaa. Nenda vijijini Tabora au Shinyanga, mwanamke na baiskeli na dumu la maji nyuma ni kitu cha kila siku. Akishahamia Dar yule yule dada baiskeli anaiacha. Yeye hajabadilika, kilichobadilika ni barabara anayopita.

Kuna siku tulikaa kwenye kona moja Sinza asubuhi tukawa tunahesabu. Wanaume wenye baiskeli walipita, wa mikate, wa maji, fundi na msumeno wake umefungwa kwenye keria, tukachoka kuhesabu. Mwanamke tukamwona mmoja, na yeye alikuwa ameshuka anaisukuma kwa sababu hapo mbele njia imekatwa na mtaro uliofunguliwa halafu gari zinapita zimembana kushoto. Mtu akija na utafiti wa kwamba "wanawake hawana mwamko" mpeleke kwenye hiyo kona kwanza.

2. Hiki mnachoita "mtaa jumuishi" ndo nini?

Ni mtaa ambao haujajengwa kwa ajili ya mtu mmoja tu. Mitaa yetu mingi ukiiangalia vizuri ina mtu wake kichwani: mwanaume mzima, mwenye nguvu, hajabeba kitu, anawahi. Huyo hata ukimwekea tuta bila upenyo ataruka, mtaro atauvuka, giza litamkuta lakini atapita.

Kipimo chetu sisi ni mama wa vitumbua. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, ndoo mkononi au kwenye keria, mtoto yuko naye, dera. Huyo akipita bila kushuka, bila kuvizia gari, bila kuogopa kichochoro, basi mzee atapita, mwanafunzi atapita, mwenye kiti cha magurudumu atapita, na yule mwanaume anayewahi naye atapita bila shida yoyote.

3. Safari za wanawake zina tofauti gani na za wanaume? Si wote wanaenda tu?

Hili ndo swali la muhimu kuliko yote kwa hiyo tulia nalo kidogo.

Mwanaume wa kazini mara nyingi safari yake ni moja, nyumbani hadi kazini, jioni anarudi. Sasa mfuatilie mke wake: anatoka anampeleka mtoto chekechea, anapitia kwa mangi kuchukua unga, anaenda kwenye biashara yake, saa sita anakimbia kliniki na yule mdogo, anarudi, jioni sokoni, halafu anamwona mama mkwe anaumwa mtaa wa tatu. Ni vipande vifupi vifupi vimeungwa, vingi havifiki hata kilomita tatu, na karibu vyote viko humu humu mitaani, haviendi Posta. Kuna msomi wa Kihispania, Inés Sánchez de Madariaga, alizipa jina safari za namna hii, ukilileta kwa Kiswahili ni kama safari za malezi, akaonyesha kwamba wapangaji wa miji wanazikatakata kwenye takwimu zao mpaka hazionekani: hii wanaiandika "manunuzi", hii "matembezi", hii "nyingine".

Angalia mabasi ya mwendokasi sasa. Awamu ya kwanza ilianza kubeba abiria Mei 2016, Kimara kwenda Kivukoni na Gerezani, tawi la Morocco. Ni kitu kizuri jamani, Dar ilipata hadi Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018, mji wa kwanza Afrika kuipata. Ila mistari hiyo kwa sehemu kubwa inaelekea mjini. Yule mama wa kutoka Tandale kwenda Kijitonyama kwenda Mwananyamala mwendokasi haumsaidii kitu, na bajaji tatu kwa siku zinamaliza faida yote ya vitumbua. Baiskeli ilitakiwa iwe yake kuliko ya mtu yeyote hapa mjini.

4. Si muwape tu semina ya kujiamini?

Hapana. Mtu anayeogopa lori la mchanga ana akili timamu.

## Kujifunza, baiskeli, na mavazi

5. Nina miaka 46 sijawahi kupanda baiskeli maisha yangu yote, nimechelewa?

Hujachelewa, na tena watu wazima mnashika haraka kuliko mnavyodhani, kinachowasumbua ni aibu tu ya kuonekana mnayumba.

Tunavyofundisha ni hivi. Siti tunaishusha mpaka nyayo zote mbili zikanyage chini. Pedali tunazitoa kabisa. Hapo ndo watu wanakwama na spana wanakuja kulalamika fundi kaharibu: pedali ya kulia inafunguka kama boliti yoyote, ya kushoto inafunguka kinyume, unazungusha mwelekeo wa mshale wa saa, ukilazimisha upande ule mwingine unaikaza zaidi. Halafu unakaa, unajisukuma kwa miguu kama mtoto wa kwenye kigari, hatua ndefu, unainua miguu unaacha iteleze yenyewe. Macho mbele, usiangalie tairi, ukiangalia tairi unaenda kwenye tairi. Ukishaweza kuteleza kutoka goli hadi katikati ya uwanja bila mguu kugusa chini, balansi umeshapata, tunarudisha pedali. Wengi ni asubuhi mbili au tatu.

Na hakuna mtu wa kukushikia siti nyuma anakimbia na wewe. Tuliacha hiyo, watu walikuwa wanajifunza kumtegemea mshikaji.

6. Ninunue baiskeli gani?

Ya kike, ile isiyo na bomba la juu, unapitisha mguu mbele badala ya kuuzungusha nyuma. Wala usione ni ya kitoto, kwa mtu wa dera na mzigo hiyo ndo yenye akili. Zile za mtumba kutoka Japan zenye kikapu mbele ni nzuri sana kwa mjini: nyingi zina kava ya cheni, madigadi, stendi ya miguu miwili na taa inayowaka kwa kuzungushwa na tairi. Ukienda kununua nenda na fundi wako, sio fundi wa muuzaji. Inua tairi lizungushe uone kama linayumba, bana breki zote mbili kwa nguvu halafu jaribu kuisukuma, gonga spoku uone kama kuna iliyolegea.

Siti ikikuumiza badilisha siti, usiache baiskeli. Nyingi zimetengenezwa nyembamba, wanawake wengi wanahitaji pana kidogo kwa nyuma.

7. Dera je? Baibui? Kitenge?

Inawezekana yote. Dera unalikusanya upande mmoja unalifunga fundo juu ya goti, ndani umevaa taiti. Adui yako ni cheni na spoku za nyuma, hivyo hakikisha kava ya cheni ipo, na nyuma mwambie fundi akufungie wavu pande zote mbili za tairi, hata ile nyavu ya plastiki ya dirishani inatosha. Mtandio ncha zake ziingie ndani, zisipepee. Waliobobea na baibui wako Zanzibar, sisi huku tunaiga kwao.

8. Ni kweli baiskeli inatoa bikira?

Tunaulizwa hili na mama za mabinti, kwa sauti ya chini, kila mwezi. Kale kangozi ka ukeni kanatofautiana mtu na mtu, wengine wanazaliwa nako kadogo mno, na kanaweza kuvutika au kuchanika kwa michezo ya kawaida tu. Bikira ni kwamba mtu hajawahi kulala na mtu, na hakuna kipimo cha mwilini kinachoweza kusema. Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa walitoa tamko kwamba "kupima bikira" hakuna msingi wowote wa kisayansi na kuachwe. Binti yako akienda shule kwa baiskeli ni binti anayewahi namba, basi.

9. Nina mimba, niendelee?

Ongea na wahudumu wako wa kliniki kwanza. Mazoezi mepesi mara nyingi ni mazuri, hatari yenyewe ni kuanguka, na tumbo likikua balansi inabadilika. Kama ndo kwanza unajifunza, subiri ujifungue.

## Ukishaingia barabarani

10. Nikae pembeni kabisa ya barabara?

Sio pembeni *kabisa*. Ukijibana ukingoni unapita kwenye mchanga na chupa, na dereva anaona nafasi ya kukupita imebaki hata kama haipo. Kaa kama hatua moja kutoka ukingoni, nyooka, usiingie na kutoka kati ya magari yaliyopaki. Ukitaka kukata kulia geuka uangalie, nyoosha mkono, subiri. Ukiona haiwezekani shuka uvuke kwenye zebra kwa miguu, hakuna anayekuandikia alama.

11. Morogoro Road kuna njia ya baiskeli lakini imejaa bodaboda, nifanyeje?

Tunajua, inaudhi. Njia ilichorwa, ikajengwa, halafu ikaachwa bila mlinzi: bodaboda wanakatiza, magari yanapaki, biashara zinapangwa. Wewe binafsi pita taratibu, piga kengele, usigombane, bodaboda wakikuzoea wanakupisha na kukusalimia kabisa. Ila dawa ya kweli ni ya ujenzi, iko swali la 15.

12. Wanaonipigia miluzi na kunitolea maneno?

"Mamaa ongeza gia", "hiyo siti ina bahati", tumeyasikia yote. Njia inayosaidia zaidi ni kwenda wengi, wawili tu inatosha, wakiona mko wawili nusu ya maneno yanakauka. Pia pita njia ile ile saa ile ile, wiki mbili tatu unakuwa mtu wa mtaa, mama lishe na mafundi cherehani wa pale wanakuwa macho yako.

Akikugusa au akakufuata hilo sio utani tena. Unyanyasaji wa kijinsia ni kosa la jinai, liko kwenye Kanuni ya Adhabu tangu marekebisho ya sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998. Nenda polisi, uliza Dawati la Jinsia na Watoto, taja eneo, saa, na kama ni bodaboda namba ya pikipiki au jina la kijiwe chake. Viongozi wa vijiwe hawapendi kijiwe kichafuke jina, mara nyingi ukienda kwao na mtu wa serikali ya mtaa kinaeleweka siku hiyo hiyo.

13. Usiku na masika?

Usiku taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, na riflekta kama ya bodaboda. Chagua njia yenye maduka yaliyo wazi hata kama ni ndefu. Njia ndefu yenye ukuta wa kiwanda upande huu na ukuta wa shule upande ule iache, hata kama ina taa, maana hakuna dirisha, hakuna mtu, ukipiga kelele anayekusikia ni mbwa.

Masika, Machi hadi Mei, usipite kwenye maji ambayo huoni chini. Dar mfuniko wa mtaro unaibwa usiku, asubuhi mvua imefunika shimo. Jangwani maji yakijaa hata mabasi yanasimama, na wewe kaa nyumbani.

14. Naweza kubeba mtoto?

Unaweza, ila akae kwenye kiti chake chenye mkanda nyuma, miguu yake imezuiwa isifike kwenye spoku. Visigino vya watoto kuingia kwenye spoku ndo ajali tunayoiona kuliko zote. Mgongoni na khanga hapana, ukianguka chali mnaanguka naye. Mzigo mzito uwe chini na katikati, ndoo ya lita 20 juu ya keria imejaa maji inaweza kukuinulia tairi la mbele.

## Mtaa wenyewe sasa

15. Njia nzuri ya baiskeli iweje?

Upana angalau mita 2 kama ni ya upande mmoja, mita 3 kama watu wanapishana. Upana sio anasa, ndo unaoruhusu mama na mtoto kwenda sambamba na mwenye mzigo kupitwa. Itengwe na magari kwa ukingo, sio rangi. Mwanzoni mwake vinguzo vilivyobanana kiasi cha baiskeli ya kikapu kupita na gari kushindwa (bodaboda haitazuiwa na vinguzo, usidanganywe, huyo anazuiwa na trafiki au na njia yake mwenyewe kuwa inaeleweka). Matuta yawe na upenyo pembeni. Mitaro ifunikwe, na mfuniko uwe wa zege, wa chuma unauzwa skrepa.

Na kwenye mitaa midogo hata njia maalum haihitajiki, kinachohitajika ni mwendo kushuka. Gari likimgonga mtu kwa kilomita 30 kwa saa wengi wanapona, kwa 50 hadithi ni nyingine kabisa. Tuta zuri karibu na kila shule linafanya kazi kuliko mabango mia.

Vingine watu wanasahau: sehemu ya kufungia baiskeli sokoni na kliniki, iwe mbele pale walinzi wanapoona, na choo.

16. Nimwambie nani? Kila ofisi inanirusha.

Kwanza jua barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Za mitaani ni za TARURA, walioanza 2017. Ukipeleka malalamiko ya kichochoro TANROADS utazungushwa mpaka uchoke. Anzia serikali ya mtaa upate barua, diwani awe na nakala, halafu TARURA wa wilaya.

Usiende na neno "tunaomba njia salama". Nenda na karatasi: kutoka duka fulani hadi zahanati fulani, mita ngapi, mfuniko umekosekana sehemu tatu, picha hizi, saa kumi na mbili asubuhi wanafunzi wanapita hapa. Kuna mhandisi mmoja alituambia kwa miaka yake yote kazini hajawahi kuletewa ramani iliyochorwa na mama lishe, akaitundika ukutani. Mfuniko mmoja uliwekwa. Miwili bado.

Kwa mambo makubwa ya mji mzima UWABA, umoja wa waendesha baiskeli wa hapa Dar, wamekuwa kwenye hii vita miaka mingi na misafara yao, msianze peke yenu kama hamjawahi kuongea nao.

17. Kuna sehemu hii imewahi kufanikiwa kweli?

Zipo, na sio za matajiri tu. Bihar, jimbo maskini kabisa India, mwaka 2006 serikali ilianza kuwapa wasichana wanaoingia darasa la 9 hela ya kununua baiskeli. Watafiti walikuja kukuta uandikishaji wa wasichana wa umri huo ulipanda kwa kama 30% na pengo lao na wavulana likapungua kwa 40%. Kilichowagusa sana wasomaji wetu ni kwamba watafiti waliona huenda mabinti kutoka pamoja kwa kundi ndiko kulikowapa usalama njiani. Ndo ile ya swali la 12.

Pudukkottai, huko huko India kusini, mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampeni ya kisomo cha watu wazima iliingiza baiskeli kama somo. Maelfu kwa maelfu ya wanawake wa mashambani wakajifunza, na cha kuchekesha baiskeli za kike ziliisha madukani wakaanza kuendesha za kiume.

18. Lakini sisi sio Ulaya. Joto hili!

Sevilla, Hispania, kiangazi kinapita nyuzi 40. Karibu na 2007 walijenga kama kilomita 80 za njia zilizotengwa kwa ukingo, kwa mkupuo, zimeungana, na mji ambao ulikuwa karibu hauna baiskeli ukajaa. Miti tunaihitaji, ndio, na hapa tunaikata kila tukipanua barabara.

Uholanzi nao hawakuzaliwa hivyo. Mwaka 1971 zaidi ya watu 3,000 walikufa barabarani kwao, zaidi ya 400 watoto, wazazi wakaingia mitaani kuandamana. Leo wanawake wao wanaendesha sawa na wanaume au kuwazidi.

## Yale magumu

19. Mkitenga njia ya baiskeli, machinga na mama lishe waende wapi?

Hili linatugawa hata sisi wenyewe. Wengi wanaouza pale pembeni ni wanawake, na ndo hao hao macho ya mtaa tuliowasifia swali la 12. Kufukuza watu usiku na greda halafu kuita jumuishi ni kichekesho. Msimamo wetu: nafasi ichukuliwe kwenye maegesho ya magari kwanza, biashara ipewe ukanda wake uliochorwa kati ya njia ya miguu na ya baiskeli, kwenye kivuli, na wauzaji wawe wamekaa kwenye kikao kabla mchoro haujakamilika. Kwenye vikao vya saa nane mchana mama lishe hawezi kuja, ndo kwanza anaosha vyombo. Wekeni saa kumi, na mtu wa kushika watoto.

20. Mume wangu hataki.

Muulize hataki nini hasa. Wengi ukiwabana ni woga wa ajali, na hapo ana hoja, mwonyeshe njia unayopita. Wengine ni "watu watasema nini". Kuna mmoja alikuja uwanjani kumfuata mkewe amefura, akakuta tairi ya mtu ina pancha na hakuna anayejua kuziba, akakunja mikono ya shati. Sasa hivi ndo fundi wetu, na bado anasema hapendi.

21. Si bora ninunue pikipiki au baiskeli ya umeme?

Ukiweza na kazi yako inadai, nunua. Ya umeme inafaa sana kwa mzigo na kwa kilima cha Kimara, ila uliza kwanza betri ikifa inapatikana wapi na kwa bei gani, kabla hujalipa.

22. Wanaume wanaruhusiwa kuja?

Kujifunza hapana, asubuhi ile ni yetu. Kupuliza matairi karibuni.

23. Nikija Jumapili nije na nini?

Maji, viatu vya kufunga, sio ndala, na taiti ndani ya dera. Saa moja kamili kabla jua halijakolea. Baiskeli kama huna zipo tatu za kikundi, ile ya bluu breki yake ya nyuma ni ya kubahatisha, hiyo wanapewa waliokwisha kuzoea.